Nyumba Niliyoinunua kwa Miguu

Hamjambo ndugu zangu. Mwenyekiti ameniambia naweza kuongea nikiwa nimekaa, nimekataa. Nitasimama. Nikianguka, humu ndani kuna watu wanaojua la kufanya kuliko mahali pengine popote katika mji huu, na hiyo ndiyo raha ya kikundi chetu. Mama wa mbele hapo, usianze kunisogezea kiti, bado niko sawa.

Mimi ni Mnyakyusa. Nimezaliwa Tukuyu, nimekulia Mbeya mjini, nimeoa Iringa na Iringa ikanimeza. Nimeendesha malori ya mizigo zaidi ya miaka ishirini, kutoka Dar kuja huku, kupita Mbeya mpaka Tunduma na kuvuka mpaka. Na nina kifafa. Naona wageni wawili watatu wameshtuka nilivyolitaja hilo neno kwa sauti. Msione haya, miaka michache nyuma hata mimi ningeshtuka. Nilikuwa silitamki hata chumbani kwangu.

Leo nimeombwa niwaeleze jinsi nilivyonunua nyumba. Mtasema, nyumba na kifafa wapi na wapi? Nivumilieni, vinakutana mbele ya safari. Majina ya watu sitayataja, maana wengine ni majirani zenu, na mmoja yupo humu humu.

Basi nianze na nyumba ya kwanza, ile niliyoikosea.

Ndugu zangu, nawaambia, dreva ni mtu wa ajabu. Dreva hapimi njia kwa miguu. Ukimwuliza Makambako ni mbali gani, atakwambia hapo tu. Chunya? Hapo tu, ukishalizoea vumbi. Kwa hiyo nilipotafuta kiwanja, dalali alinipakia kwenye gari akanipeleka barabara ya kwenda Idodi, ukishaipita Kalenga, halafu unakata kulia unaingia ndani huko. Nikamwuliza, "Toka barabara kuu mpaka hapa ni umbali gani?" Akasema, "Dakika tano tu, kaka." Na kweli zilikuwa dakika tano, nilizihesabu mwenyewe. Dakika tano za gari. Nikalipa siku hiyo hiyo.

Nikajenga. Vyumba vitano, sebule mbili, na geti la kuingiza semi-trela, wakati semi-trela yenyewe ni ya tajiri, siyo yangu! Hebu fikirini upumbavu huo. Cheka tu mzee, mimi mwenyewe nacheka. Ukuta niliunyanyua mpaka huoni kitu, juu yake nikapanga vipande vya chupa. Mnatujua Wanyakyusa, tukijenga lazima mtu akipita aulize hii ya nani. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini. Kila alfajiri alipanda bodaboda kwenda kazini na jioni bodaboda kurudi, na mvua zikianza alifika shuleni na tope mpaka magotini. Aliniambia, "Baba, huku ni mbali." Nikamjibu, "Mbali wapi? Dakika tano." Sikuwa namsikia kabisa.

Sasa ugonjwa. Siku ile nilikuwa natoka Dar na mbolea. Nikasimamisha gari Ruaha Mbuyuni ninunue vitunguu, kama tunavyofanya madreva wote. Nakumbuka nimeshika mfuko mmoja, nabishana bei na yule mama muuzaji. Halafu sikumbuki kitu. Nilipozinduka nilikuwa chini, vitunguu vimetapakaa kila mahali, mdomoni damu, na watu wamesimama ng'ambo ya barabara. Ng'ambo kabisa. Mmoja anapiga kelele, "Msimguse, lile povu linaambukiza!" Aliyekuwa karibu yangu ni utingo wangu peke yake, mtu mzima mwenye wajukuu, amenishika mkono analia kwa sauti.

Fikirini lakini. Mbele yangu ulikuwa mlima Kitonga. Muda mfupi tu mbele ningekuwa kwenye zile kona, na mzigo, na mabasi yanashuka na watu wamejaa ndani. Nani aliniambia nisimame pale? Vitunguu nyumbani vilikuwepo, mke wangu alikuwa amenunua juzi yake. Mimi nikifika hapo kwenye kufikiri huwa naishia hapo hapo, nashindwa kuendelea. Ni kubwa kuliko akili yangu.

Hospitali wakanipima, wakanipa dawa, daktari akaniambia: huendeshi tena. Siyo lori tu, hata pikipiki. Hata kupanda nyuma ya bodaboda nisipande. Nilikwenda kwa tajiri wangu, mwenye magari, nimebeba cheti. Hakunifokea. Alikisoma, akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo. Nilitoka pale nikasimama barabarani, na kwa mara ya kwanza tangu nikiwa kijana sikujua nafikaje nyumbani kwangu.

Hapo ndipo zile dakika tano zilipogeuka. Dakika tano za gari, ndugu zangu, kwa miguu ni saa nzima na zaidi, na njia yenyewe haina mtu. Duka hakuna. Zahanati hakuna. Kanisa tunalisikia kwa mbali, upepo ukitaka. Mke wangu akienda kazini mimi nabaki na vyumba vitano.

Siku moja asubuhi nilianguka uani, pembeni ya simtanki la maji. Nilizinduka mapema tu, lakini nyonga ilikuwa imeumia, siwezi kuinuka. Niliita. Niliita mpaka koo likakauka. Jirani wa karibu alikuwa shambani kwake, alituambia baadaye kwamba alisikia sauti akadhani ni redio. Angechungulia wapi? Ukuta nimejenga mwenyewe na chupa nimepanga mwenyewe. Jua lilinikuta pale likapita juu yangu lote, na mke wangu alipofungua geti mchana umeshapinda, upande mmoja wa uso ulikuwa umebabuka. Alinibeba. Mwanamke mdogo vile, sijui alipata wapi nguvu.

Tangu siku ile akawa ananifungia ndani ya nyumba. Msimlaumu. Ananipikia, ananiwekea maji, anatoa visu na viberiti, anafunga mlango kwa nje, anaondoka huku analia. Na mimi dirishani namwangalia. Mtu aliyekuwa anavuka mipaka na makontena sasa nafungiwa kama kuku. Kuna mchana mmoja nilikaa na ile chupa ya vidonge mkononi muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Nadhani mnanielewa, sitaki kusema zaidi.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Ilikuwa siku ya kliniki. Tumemaliza, dawa tumechukua, mke wangu ana shida zake kwenye ofisi za elimu. Akanikalisha kwenye benchi la hospitali akasema, "Usitoke hapa." Nikamwambia sawa mama. Alipokata kona tu, nikainuka. Sijui hata kwa nini. Miguu iliinuka yenyewe.

Mimi nimekaa Iringa miaka yote hiyo na sikuwa nimewahi kuitembea. Naujua mji huu kwa kioo cha lori. Siku ile nikateremka polepole kuingia mitaa ya zamani, huku Makorongoni, vile vijia vya mawe ambavyo gari haliingii. Nikapita mashine ya kusaga. Nikapita mama anashona kwenye kibaraza, akanisalimia kwa Kihehe kabla sijamsalimia, "Kamwene!" Bucha. Duka la dawa. Wazee wanatoka msikitini, viatu mkononi, wanacheka. Shule, watoto ndiyo wanatoka mapumziko, na nikashtuka, kumbe ni shule ya mke wangu! Nilikuwa naijua kwa upande wa barabara tu. Mara nikasikia kengele ya kanisa, siyo kwa upepo, juu ya kichwa changu kabisa. Nikatazama saa. Dakika kumi na mbili. Kwa dakika kumi na mbili nilikuwa nimepita kila kitu ambacho mtu anahitaji mpaka siku ya kuzikwa kwake, na hakuna hata kimoja kilichotaka injini.

Jamani, nilisimama pale katikati ya kijia nikatetemeka. Siyo ugonjwa. Nilikuwa kama mtu aliyeonyeshwa kitu. Miaka yote hiyo mji ulikuwa hapa hapa, mdogo, umekaa, na mimi naupita kwa kasi kwenda Tunduma.

Miguu ikachoka, nikaona nyumba ndogo ya zamani, bati lake limeshika kutu, kibaraza cha saruji kimesuguliwa na makalio ya watu mpaka kinang'aa. Ukutani wameandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Kibarazani amekaa bibi mmoja wa Kihindi, mjane. Marehemu mumewe alikuwa na duka la vitambaa hapo sokoni, wazee wa Iringa mnaweza kumkumbuka. Nikasema shikamoo, nikaomba maji.

"Marahaba," akasema. "Umeona maandishi?"

"Nimeyaona, mama. Mimi sijauliza nyumba. Nimeomba maji."

Akacheka, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. "Wanakuja hapa na magari yao," akasema. "Hawashuki! Wanateremsha kioo, bibi unauza bei gani? Basi nikaandika hiyo. Wewe umekuja na nini?"

"Kwa miguu. Toka hospitali."

"Unaumwa?"

"Hapana," nikamwambia. "Namsindikiza mke wangu."

Mwenzenu nikadanganya pale pale, maji yake yakiwa bado mdomoni. Tukaongea. Akaniambia mabinti wameolewa, mmoja yuko Mbeya na anamtaka akakae naye, magoti yamechoka. Nikamwambia, "Mbeya ni hapo tu, mama."

"Hapo kwa nani?" akasema. "Kwa miguu yangu?"

Ile "hapo tu" niliyoitumia maisha yangu yote, bibi yule aliichukua akanirudishia. Nikamwambia polepole, "Mama, kama siku moja ukiyafuta hayo maandishi, naomba unikumbuke." Hapo hapo mke wangu akatokea kwenye kona, kitambaa kimemwanguka kichwani, anahema, amenitafuta mji mzima. Alitaka kunipiga, nawaambia ukweli. Bibi akamsogezea kigoda na kikombe cha maji, wakaanza kuongea, na baada ya muda mke wangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shule yangu si ndiyo ile pale?" Nikamwambia ndiyo ile.

Bibi akakubali kutuuzia, hela sitawatajia. Tuliiuza ile nyumba kubwa, na aliyeinunua alikuwa na semi-trela zake za kweli, geti likampendeza kuliko kitu chochote. Ilichukua muda, na bibi alitusubiri. Alikuja mtu anataka nyumba yake aibomoe ajenge fremu za maduka, hela nyingi kuliko zetu. Bibi akamwonyesha maandishi.

Ugomvi wetu nyumbani ukawa mmoja. Mke wangu alisema, "Tuwaambie ukweli, bibi na majirani." Mimi nikasema, "Ukiwaambia, imekula kwetu." Nilikuwa nawakumbuka wale watu wa ng'ambo ya barabara. Nani atauza nyumba kwa mtu wa kifafa, ukuta kwa ukuta? Nikamwapisha mke wangu asifungue mdomo. Akaniapia, lakini hakuniangalia usoni.

Mnajua utaratibu wetu. Huwezi kununua nyumba mitaa ile kwa kusaini karatasi tu. Mwenyekiti wa mtaa anakuja, majirani wa pande zote wanakuja, mnazunguka mipaka kwa miguu, kila jirani anagusa ukuta wake anasema hapa ndipo ninapoishia, halafu anaweka sahihi. Jirani mmoja akikataa, mwenyekiti hapigi muhuri. Bibi yule naye aliongeza lake. Alisema kila jirani ana haki ya kumwuliza mnunuzi swali moja.

Basi tukazunguka. Jua la asubuhi, watu kama kumi na wawili. Wa bucha, jitu la miraba minne, akauliza kama napiga muziki kwa sauti kubwa. Nikasema hapana, wakacheka. Yule mama mshonaji akauliza kama nitaacha watu waendelee kukaa kibarazani. Nikasema wakae mpaka wachoke. Tukafika upande wa nyuma, kwa jirani wa tatu, mwalimu mstaafu, mtu mkavu, haongei sana. Yeye akauliza, "Tumesikia ulikuwa na jumba kubwa huko. Kwa nini unaliacha uje kwenye vyumba viwili?"

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Nataka tu kuwa karibu na soko."

Na ndugu zangu, nikaanguka. Sikumaliza hata pumzi ya uongo ule.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Wengine walikimbia, kweli. Mwenyekiti wa mtaa karatasi zilimtoka mkononi. Mmoja alikuja na kijiko aniingizie mdomoni, mke wangu akamsukuma. Ninachokijua mimi ni pale nilipozinduka. Niliona kivuli. Nikadhani ni mti. Kumbe ni watu. Walikuwa wamesimama bega kwa bega kwenye upande wa jua, wananikinga, na mbele yao jitu la bucha na aproni yake ya damu. Nimelazwa ubavu. Chini ya kichwa kuna kitambaa, ni kazi ya mteja wa mama mshonaji, gauni la harusi ambalo halijamalizika. Nilikuwa nimejikojolea, na juu ya suruali yangu kulikuwa na khanga ya mama huyo huyo, imenyooshwa vizuri. Bibi amekaa chini kwenye mawe, na yale magoti yake, amenishika kiganja.

Mimi nilikuwa nimezoea kuzinduka na kuona watu kwa mbali. Au kutoona mtu. Nilitazama zile sura juu yangu nikashindwa kuelewa niko wapi. Nikadhani nimekufa, sitanii.

Nikasema, "Nisameheni. Tutaondoka."

Yule wa bucha akanijibu kwa hasira, "Uondoke uende wapi? Kwa nini ulitudanganya?"

Mwaona? Hakuuliza kwa nini naumwa. Aliuliza kwa nini nilidanganya. Nikalia tu mbele za watu wote.

Sasa msidhani wote walikuwa malaika. Yule mwalimu mstaafu akasema wazi, "Mimi nina wajukuu mle ndani. Sitii sahihi. Kifafa ukutani kwangu, hapana." Mwenyekiti wa mtaa akaanza kuokota karatasi zake. Ndipo bibi akasema, bado amekaa chini pale, hakuinua sauti: "Mkewe ameshaniambia, kule anakotoka huwa anaanguka peke yake. Hapa ameanguka, tumemwona. Mimi namwuzia huyu."

Na jitu la bucha likamgeukia mke wangu likasema, "Mwalimu, akianguka tena tunafanyaje? Tufundishe." Mke wangu akashangaa. "Sasa hivi?" "Sasa hivi, si tupo wote?" Akawafundisha. Pale pale, kwa sauti yake ya darasani: mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, usimshike kwa nguvu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa, na muda ukizidi mkimbize hospitali. Wakarudia kwa pamoja kama darasa la kwanza, na mwenyekiti wa mtaa akaandika nyuma ya hati ya mauziano. Nina ile karatasi mpaka leo. Mimi nilikuwa nimelala chini na suruali mbichi, nawasikia watu wazima wanajifunza mimi. Ndugu zangu, nimeona nchi nyingi kwa lori. Sijaona kitu kama kile.

Lakini sahihi moja ilikosekana, na bila hiyo hakuna nyumba. Juma lililofuata nikamwendea yule mwalimu mstaafu mwenyewe. Nikabisha hodi, nikakaa, nikamwambia kila kitu, kuanzia Ruaha Mbuyuni mpaka pembeni ya simtanki. Nikamwambia, "Mwalimu, haiambukizi. Lakini usiniamini mimi, nimeshakudanganya mara moja. Kesho ni kliniki yangu. Twende ukamwulize daktari mwenyewe."

Akasema, "Nitakwenda."

Na akaja! Tumetembea wote wawili mpaka hospitali bila neno hata moja. Akaingia na mimi kwa daktari, akatoa miwani, akatoa karatasi ya maswali, ameyaandika kwa namba. Kama inapita kwa mate. Kama inapita kwa kikombe. Kama mtoto akiona mtu anaanguka anaweza kuipata. Daktari akayajibu yote, hakuna hata moja alilolijibu ndiyo. Tulipotoka nje mwalimu akasimama kwenye ile korido, akasema, "Nilikuwa na mwanafunzi wa kifafa zamani. Nilimkalisha nyuma peke yake mpaka akaacha shule." Machozi yakamtoka mzee wa watu. Nikamshika mkono. Tukarudi tukiongea njia nzima, na jioni ile ile alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa akatia sahihi.

Tulihamia mwezi uliofuata. Mke wangu alichukua brashi na rangi nyeupe akayafuta yale maandishi mekundu, na bibi anamwangalia, analia na kucheka. Leo mke wangu anatembea kwenda shule, na saa ya mapumziko anarudi nyumbani kunywa chai. Mimi nauza spea za malori, duka liko mtaa wa pili. Nazijua zote, nikipewa bomba nalitaja gari lake. Siendeshi, nauza tu.

Msidhani nimepona. Nimeanguka mara mbili tangu nihamie, mara moja sokoni kwenye viazi, mara moja mlangoni kwa bucha. Mara zote mbili nimezinduka nimelazwa ubavu, na mtu anasoma saa.

Nina shukrani. Bibi yule sasa yuko Mbeya kwa binti yake, anapiga simu Jumapili kuuliza kibaraza kina watu au hakina. Mama mshonaji, gauni la harusi nilimlipia, ila ile khanga sitaweza kumlipa. Jitu la bucha, mwenyewe anajijua. Daktari wetu, ambaye hakumcheka mzee na maswali yake. Na mwalimu mstaafu, aliyekaa mstari wa nyuma humu ndani leo. Msigeuke! Ni mtu wa aibu. Amekuja kwa ajili ya yule mwanafunzi, anamtafuta, na kama kuna anayejua habari zake aongee naye tukimaliza. Wote nawaambia asanteni sana, kwa lugha ya nyumbani kwetu, ndaga fijo.

Nililojifunza ni dogo. Ukitafuta nyumba, shuka kwenye gari. Itembee. Tazama ni nani atakayekuona ukianguka, maana kila mtu ana siku yake ya kuanguka, siyo sisi wa kifafa peke yetu. Na uwaambie ukweli kabla mwili haujawaambia. Mimi mwili wangu ndio ulioniumbua, na nashukuru uliniumbua.

Mwenyekiti, namaliza. Muda huu mke wangu yuko darasani anafundisha hesabu. Mimi nimetoka nyumbani peke yangu asubuhi, nimetembea mpaka hapa, na nitarudi peke yangu. Na yeye pale darasani, ndugu zangu, wala hanifikirii. Hana wasiwasi wowote. Hiyo ndiyo nyumba niliyonunua.